Bawabu na Kamba wa Nyongeza

Samaki mwenyewe alikuwa na urefu wa kidole cha shahada, na watu wanne wenye akili timamu walikuwa wamesimama mbele yake kwa heshima, wakingoja ajibu.

"Milango," akasema Mama Shekalaghe, mkaguzi wa ridhaa, kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kutangazia msiba.

Saumu Mbaruku akavuta vishikio viwili kwa mpigo mmoja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na beji ya muulizaji aliyoibandika kifuani ilikuwa mpya kiasi kwamba bado aliipangusa kila alipopita kwenye kioo. Pande mbili za sanduku la kioo alimokuwa samaki zikafunguka. Kushoto kulikuwa na bomba lililojaa maji ya Fungu Jembe, mwamba alikozaliwa samaki huyo, nje kidogo ya Tanga. Kulia kulikuwa na bomba la maji yaliyoletwa kwa pipa kutoka Moshi, kutoka kwenye tangi lililokuwa sebuleni kwa Bwana Elineema Kileo. Sheria ya Ridhaa ilitaka samaki aulizwe kabla hajauzwa, na anayeulizwa asifichwe kitu, kwa hiyo kila bomba lilikuwa na sauti zake. La kushoto lilitoa mchakarisho wa mwamba hai, kama mafuta yanayochemka kwenye karai la mbali. La kulia lilinguruma pampu, likagonga saa ya ukutani, na kila baada ya muda likamtoa Bwana Kileo mwenyewe akikohoa.

"Hicho kikohozi kingeondolewa," akanong'ona Bwana Kileo, aliyekuwa nyuma ya Saumu na kofia mkononi. "Nilikuwa na mafua siku ile."

"Ndiyo nyumba yako," akasema mkaguzi. "Ajue anakokwenda."

Samaki akajitoa kwenye mchanga wa katikati. Watu wa biashara hiyo walimwita bawabu, kwa sababu huko baharini kazi yake ni kusimama mlangoni pa shimo na kumwangalia kila apitaye. Alikuwa mweupe, amezungukwa na mistari myekundu kama soksi za mchezaji mpira, na pezi la mgongoni lilisimama wima kama bendera ya gwaride. Moshi nzima hapakuwa na nyumba iliyokuwa naye. Majirani wote wa Bwana Kileo walikuwa na bahari za sebuleni, na zote zilijaa wale samaki wa rangi ya chungwa ambao siku hizi huzaliwa viwandani na hawaulizwi chochote. Bwana Kileo alitaka mdogo, adimu, wa baharini kweli, mwenye akili zake. Kwa miezi mingi aliandikia kila duka la pwani. Duka la Shangazi Zawena peke yake ndilo lililomjibu, kwa sababu lilikuwa na Saumu, na Saumu alikuwa tayari kulala kifudifudi majini asubuhi nzima, chombo cha kupumulia kinywani, akingoja kiumbe wa urefu wa kidole atoe kichwa.

Mara ya kwanza alipoulizwa, bawabu alikwenda kushoto bila hata kufikiri. Akienda kushoto tena leo, basi. Majibu mawili kati ya matatu yalitosha, na samaki aliyekataa alipaswa kurudishwa baharini siku hiyo hiyo. Zamani wenye maduka waliwaweka samaki miezi kadhaa ili "wafikirie vizuri", mpaka samaki wachoke wakubali lolote, na sheria ikaliziba tundu hilo kwa saruji.

Saumu akatupia jicho kinasa-woga. Kilikuwa waya mwembamba uliozunguka sanduku, ukisikiliza moyo wa samaki kupitia maji na kuwasha taa: nyeupe akitulia, njano akisita, nyekundu akiogopa. Jibu lililotolewa chini ya taa nyekundu halikuhesabiwa. Sasa hivi taa ilikuwa njano.

Bawabu akaenda kushoto. Akafika mdomoni pa bomba. Akaonja. Shangazi Zawena, mwenye duka, akafumba macho.

Halafu bawabu akageuka. Akavuka sanduku zima kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu bwenini, akaingia bomba la kulia, akaenda mpaka mwisho, kwenye mtungi wa safari. Taa ikawa nyeupe.

"Bwana asifiwe!"

"Kimya, Bwana Kileo. Hajamaliza kujibu."

Wakangoja. Kwenye bomba, Bwana Kileo wa mafua akakohoa. Samaki hakutikisika.

"Amekubali," akasema Mama Shekalaghe hatimaye, na kufunga mkoba wake. "Kukataa moja, kukubali moja. Swali la mwisho kesho asubuhi."

Shangazi Zawena alianza kupiga kigelegele, akakumbuka mkaguzi bado yupo, akakigeuza kuwa chafya. Bwana Kileo aliipepea kofia yake kama mvulana. Saumu peke yake alikuwa hajanyanyua kichwa. Alikuwa akiangalia mahali samaki aliposimama. Mtungi ulikuwa na mchanga safi, ulikuwa na pango dogo la jiwe, na bawabu hakujali hata kimoja. Alikuwa amejibana ubavu kwenye kioo. Upande wa pili wa kioo hicho, kwenye kikopo kilichowekwa pale mapema, kulikuwa na kamba mdogo mwenye sharubu.

Aliyemweka pale alikuwa Saumu mwenyewe.

*

Kabla hajauza samaki, Shangazi Zawena aliuza mchicha na nyanya sokoni Ngamiani, na kutoka huko alikuja na imani moja tu ya kibiashara: mteja haondoki bila nyongeza. Aliyenunua fungu la nyanya alipata moja juu. Aliyenunua samaki alipata konokono wa kusafisha vioo, au konzi ya mchanga hai, au chochote kilichokuja pamoja na samaki kwenye chombo. Huyu bawabu alikuja na kamba, kwa sababu Saumu alichota shimo zima. Sheria iliuliza samaki. Kamba si samaki, kwa hiyo hakuulizwa. Alikuwa nyongeza, sawa na mchanga, na nyongeza hufungashwa mapema ili isisahaulike. Meza ya kufungashia ilikuwa upande wa kulia.

Saumu alisimama chumba cha nyuma, mbele ya beseni la kioo alimorudishwa samaki kungoja kesho, akijaribu kujiambia kwamba hakuona alichokiona. Alikuwa amesoma habari za bawabu. Aliulizwa kwenye mtihani wa beji na akapata alama nzuri sana. Kamba yule haoni mbele ya pua yake, ndiye anayechimba shimo. Bawabu hajui kuchimba, ndiye anayeona. Wanaishi chumba kimoja maisha yao yote, na kamba akitoka nje kumwaga mchanga haachi kumgusa bawabu kwa sharubu moja, kama kipofu aliyeshika bega la anayemwongoza. Yote hayo aliyaandika kwa mwandiko mzuri. Kisha akaenda akamfungia mmoja kwenye kikopo.

Akachukua kikopo cha kamba, akakiweka nje ya beseni, kushoto. Bawabu akaja kushoto. Akakizungusha mpaka kulia. Bawabu akazunguka. Akakirudisha nyuma, na samaki akaja mbio, bendera yake imelala, akajibana tena kwenye kioo. Saumu aliona aibu kuendelea. Akammimina kamba ndani ya beseni.

"Unacheza naye?" Shangazi Zawena alikuwa mlangoni, akimenya chungwa. "Usije ukamchosha. Kesho ana kazi."

"Shangazi, leo hakukubali."

"Mkaguzi kasema kakubali. Wewe nani?"

"Alimfuata kamba. Tulimweka kamba upande wa kulia, akaenda kulia. Tungemweka darini angepanda darini."

Shangazi Zawena akatafuna kipande cha chungwa, akaangalia beseni, akaangalia mlango wa dukani alikokuwa Bwana Kileo akinywa chai. Akausukuma mlango kwa kisigino.

"Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Mungu akubariki kwa hiyo bado."

"Shangazi..."

"Ngoja. Wewe ndiye muulizaji, basi leo nikuulize mimi. Fungu Jembe kuna nini Ijumaa?"

Hapakuwa na mtoto wa chekechea pwani nzima asiyejua. Ulimi wa joto ulikuwa unashuka kutoka kaskazini, mto wa maji moto ndani ya bahari, mpana kuliko wilaya. Mitambo ya angani iliuchora kila saa kwa rangi nyekundu. Ulikuwa umepita Fungu Kasa wiki iliyotangulia. Saumu alikwenda kupaona. Mwamba ulikuwa umesimama pale pale, mweupe kama vyombo vilivyooshwa, na hakukuwa na sauti yoyote chini ya maji, hata ule mchakarisho. Wazamiaji walikuwa wamepanda upya kila tumbawe la Fungu Jembe kwa mikono. Sasa walikuwa wanatoa vifaa vyao.

"Kuna joto," akasema.

"Na sebuleni kwa Kileo?"

"Nyuzi ishirini na tano. Mchana na usiku."

"Haya. Ukifungua hicho kinywa kesho, jibu la leo linafutwa, samaki anarudishwa kwao, na Ijumaa ni mchemsho. Mchemsho, Saumu, bila hata limau. Ndiyo haki yake hiyo unayomtakia?"

"Lakini tunamdanganya."

"Mimi nilikuja Tanga hii kumfuata mume. Mbona sikuona mkaguzi kaja na waya kunizungushia?"

"Wewe ulijua unakokwenda."

"Nani kakwambia?" Shangazi Zawena akacheka, halafu akaacha. Akamshika Saumu mkono, vidole vyake vikinuka chungwa. "Mwanangu. Sikuelezi habari ya duka. Duka litajijua. Ninakwambia habari ya kiumbe. Yule mwalimu Kileo anaamka alfajiri kupima maji yake kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Hajala samaki tangu sheria ipite. Wataondoka wote wawili, samaki na kamba wake, chumba kimoja, kama walivyozoea. Umewahi kusikia nyumba gani nzuri kuliko hiyo? Kesho utasimama, utasema kile kiapo chako, tutapika wali tule."

Kiapo cha muulizaji kilisemwa mara moja tu, mwisho wa swali la tatu, na kilikuwa kifupi: *Sikumficha aliyeulizwa jambo lolote.* Bila hicho, hakuna ridhaa. Saumu alikuwa amekisema mbele ya kioo mara nyingi sana, pamoja na kupangusa beji.

Nje, king'ora cha bandarini kikalia kutangaza kwamba ulimi umesogea. Ndani ya beseni, kamba alikuwa amemwona bawabu kwa njia yake, kwa sharubu, na walikuwa wametulia kwenye kona kama wanafunzi wawili waliokwepa mkaguzi wa mabweni.

*

Asubuhi Bwana Kileo alikuja amevaa tai. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni kabla hajastaafu, na bado aliingia vyumbani kwa kupitisha macho kwanza chini ya vitanda, hata pasipo na vitanda.

"Nimempa jina," akamwambia Saumu, akimwonyesha picha ya tangi lake. Lilikuwa tangi zuri kweli, maji yake safi hata hayakuonekana. "Kaka Mkuu. Umeona anavyosimama? Nilikuwa na kaka mkuu mmoja alisimama hivyo hivyo mlangoni pa bwalo. Hapiti mtu na sahani mbili."

Saumu akatamani mzee huyo awe mtu mbaya. Ingesaidia sana.

Mama Shekalaghe akaketi, akatoa saa yake ya mezani, akaiweka mbele ya sanduku. Chini ya kila kitu, kama sheria ilivyotaka, kulikuwa na mchanga wa vidole vitatu ili anayeulizwa awe na pa kusimama. Bawabu alikuwa katikati, peke yake. Kikopo cha kamba kilikuwa mkononi mwa Saumu.

"Jibu la kwanza, kukataa. La pili, kukubali. Hili la tatu ndilo la kukata. Robo saa. Asipoingia mlango wowote mpaka robo saa kwisha, amekataa, na atarudishwa Fungu Jembe leo hii. Tayari?"

"Mama Mkaguzi," akasema Saumu, "kabla hatujafungua. Jibu la jana lina kasoro."

Shangazi Zawena akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga kitu cha baridi.

Saumu akaeleza. Alieleza kwa haraka, macho yake kwenye mchanga. Bwana Kileo alikuwa akikiangalia kikopo.

"Kamba si samaki," akasema mkaguzi.

"Najua, Mama."

"Sheria haimwoni."

"Bawabu anamwona."

Mama Shekalaghe alikuwa mkaguzi kwa miaka mingi. Alikuwepo siku chewa mmoja wa kilo hamsini alipokataa mbele ya mawaziri na kuvunja sanduku. Alipekua kitabu cha sheria mbele na nyuma, akakifunga.

"Jibu la jana linabaki," akasema. "Siwezi kulifuta kwa ajili ya kitu ambacho hakimo kitabuni. Lakini nyongeza ni mali ya duka. Muulizaji anaweza kuiweka popote."

"Basi naomba niiweke hapa."

Akainamisha kikopo juu ya sanduku, katikati kabisa. Kamba akateremka taratibu, miguu yake yote ikitafuta ardhi.

"Saumu," akasema Shangazi Zawena kwa upole uliotisha kuliko kelele, "ulikuwa mtoto mwelewa sana."

"Milango," akasema mkaguzi.

Saumu akavuta. Saa ikaanza.

Bawabu alishuka kwanza kwa kamba. Sharubu ikainuka, ikapapasa, ikagusa mkia. Taa ikawa nyeupe, nyeupe ya maziwa, ambayo Saumu hakuwahi kuiona siku zote samaki huyo alipokuwa dukani. Kisha wakaanza kutembea. Bawabu mbele, kamba nyuma, wakaenda mpaka mdomoni pa bomba la kushoto. Mwamba ukachakarisha. Wakasimama. Wakageuka, wakaenda kulia, polepole, maana kamba hakimbii. Pampu ikanguruma. Bwana Kileo aliyekuwa ndani ya bomba akakohoa, na Bwana Kileo aliyekuwa nje ya bomba akaifinyanga kofia yake.

"Ingia, Kaka Mkuu," akanong'ona. "Ingia, baba."

Hawakuingia. Walirudi katikati. Kamba akapapasa mchanga, akaona unafaa, akaanza kuchimba.

Alichimba kama kibarua anayelipwa kwa kazi. Aliinua mchanga kwa makucha, akausukuma nje, akaumwaga, akarudi, na sharubu yake haikuachana na mkia wa bawabu. Bawabu akachukua nafasi yake mlangoni, bendera juu. Bwana Kileo alipoinama kuona vizuri zaidi, bawabu akatikisa mkia mara moja, tikiso fupi, na kamba akatoweka shimoni papo hapo. Bwana Kileo akajirudisha nyuma. Mkia ukatulia. Kamba akatoka na mzigo mwingine wa mchanga.

"Wanafanya nini?" akauliza mkaguzi, ingawa alikuwa na macho.

"Wanajenga," akasema Saumu.

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa si jibu. Kuna kushoto na kuna kulia."

"Ndivyo tulivyowaambia sisi."

Nusu ya muda ilikuwa imekwenda. King'ora kikalia tena bandarini, kirefu zaidi kuliko cha jana, na kila mtu chumbani akajua maana yake: ulimi ulikuwa umeongeza mwendo. Pengine haungengoja Ijumaa. Na wale wawili waliokuwa ndani ya kioo, kwa kila konzi ya mchanga waliyoitoa, walikuwa wanachimba njia ya kurudishwa kwenye joto hilo, wenyewe wakiwa wametulia, taa nyeupe, wamefurahi.

Sanduku la kuulizia lilisimama juu ya miguu minne yenye skurubu, ili liweze kusawazishwa. Hakukuwa na muulizaji asiyeijua skurubu ya nyuma kushoto. Ukiizungusha kidogo, sanduku linainamia kulia kwa unene wa ukucha. Mchanga unateleza, maji yanasukuma, samaki anajikuta bombani, na taa haivuki njano. Hakuna aliyewahi kukamatwa kwa skurubu ya nyuma kushoto. Shangazi Zawena alikuwa anaiangalia tu.

Mama Shekalaghe akavua miwani. Akatoa upindo wa mtandio wake, akaanza kuifuta. Alifuta kioo kimoja, akahamia cha pili, akarudia cha kwanza, kwa uangalifu ambao miwani ile haikuuhitaji hata kidogo, na uso wake ameugeuzia dirishani.

Hapo ndipo Saumu alipoogopa kweli. Alikuwa amejiandaa kupambana na mkaguzi. Hakuwa amejiandaa kwa mkaguzi kumpa nafasi.

Mkono wake ukaenda nyuma ya sanduku. Skurubu ilikuwa ya baridi. Ni uhai wao, akajiambia. Nusu mzunguko tu, na wataishi. Akazungusha.

Mchanga ukateleza. Mlango wa shimo ukabomoka, na sharubu iliyokuwa nje ikapotea chini ya mchanga. Taa ikaruka njano. Bawabu akayumba na maji kuelekea kulia, akapiga mapezi, akarudi. Maji yakamsukuma tena, akarudi tena. Akasimama juu ya mahali palipokuwa na mlango, ambapo sasa hapakuwa na kitu, akaendelea kulinda.

Saumu akairudisha skurubu. Akaizungusha mpaka ilipokuwa, akautoa mkono wake na kuuweka mezani, mbele ya watu wote, uonekane.

"Nalifuta swali," akasema.

Mama Shekalaghe akavaa miwani. "Rudia."

"Nalifuta swali, Mama Mkaguzi. Muda bado haujaisha."

"Wewe mtoto!" akasema Shangazi Zawena.

"Unajua unachokisema?" Sauti ya mkaguzi haikuwa na ukali wowote. "Muulizaji akifuta swali, amekiri kwamba swali lake lilikuwa na kasoro. Kosa ni lake, si la aliyeulizwa. Samaki hauzwi. Harudishwi pia, mpaka muulizaji aweze kumrudisha pale alipomtoa, pakiwa kama palivyokuwa siku aliyomtoa. Mpaka siku hiyo ni mzigo wako, chakula chake na maji yake. Na beji unaniachia mimi. Hurudishiwi, hata ukiishi miaka mia."

"Najua."

"Nataka sababu. Lazima niiseme huko niendako."

Saumu alijaribu kuipanga, ikakataa kupangika. "Haya maji ya kushoto ni ya wiki iliyopita. Ni ya baridi. Nimemwonjesha kwao pasipokuwepo tena. Jana kulia nikamfungia mwenzake. Na sasa hivi..." Akaangalia skurubu. "Siwezi kusema kile kiapo, Mama. Nikikisema, nitakuwa nimeficha jambo kila upande."

Akaifungua beji. Pini yake ilikwama kwenye shati, ikabidi aivute, na ikaacha tundu.

Bwana Kileo alijaribu kuinyoosha kofia yake iliyoharibika umbo.

"Binti," akasema, "mimi nafasi ninayo. Ya wote wawili."

"Najua, Mwalimu."

"Ningewatunza."

"Najua ungewatunza."

Akatikisa kichwa, kama alivyotikisa pengine mbele ya wanafunzi wengi waliokiri makosa ambayo yeye angependa wakanushe. Akaivaa kofia. Mlangoni akageuka. "Lile pipa la maji yangu liacheni. Mnaweza kuwashushia joto." Akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli, akatoka.

Mkaguzi alimfuata na beji mkobani. Shangazi Zawena ndiye aliyebaki, mikono kiunoni, akilitazama sanduku, ambalo lilikuwa sanduku pekee la kuulizia dukani, na ambalo bila hilo hakuna samaki wa kuulizwa wala wa kuuzwa.

"Kwa hiyo wamehamia humu."

"Mpaka bahari ipoe, Shangazi."

"Itapoa lini?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

Shangazi Zawena alisonya, msonyo mrefu ulioanza kwa hasira na kuishia mahali pengine, akaenda dukani kuvuta mlango wa chuma.

Saumu akabaki peke yake nao. Kamba alikuwa ameshalifukua shimo lake na kuanza upya, na bawabu alikuwa mlangoni. Mabomba bado yalikuwa wazi pande zote mbili, moja likichakarisha, moja likikohoa. Alifikiri kwamba kazi ya kwanza ya mlezi ni kuyaondoa, wasisumbuliwe tena na maswali. Akanyoosha mkono juu ya maji.

Mkia ukatikisika. Kamba akatoweka. Bawabu hakukimbia; aligeuka akamkabili, bendera juu, akimwangalia kwa jicho moja kisha kwa jingine, na taa ya kinasa-woga ikawaka nyekundu.

Saumu akautoa mkono. Taa ilibaki nyekundu. Akarudi nyuma hatua moja, akangoja, akarudi nyingine. Alipofika katikati ya chumba ikawa njano. Akaendelea kurudi nyuma, polepole, bila kuyaondoa macho kwenye kioo, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Ikawa nyeupe. Kamba akatoa sharubu, kisha kucha, kisha mchanga.

Saumu akateleza chini, akakaa sakafuni hapo hapo.